Tumbo Linapofanya Kazi ya Figo

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanza na barua. Msomaji mmoja, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ametuandikia juu ya mama yake mzazi. Mama huyo ameugua kisukari na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na sasa daktari amewaambia kwamba figo zake zote mbili zimechoka kiasi kwamba haziwezi tena kusafisha damu. Wamepewa njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni kwenda hospitali kubwa, iliyo mbali, mara tatu kwa juma ili aunganishwe na mashine. Ya pili ni kuwekewa mpira tumboni na kusafishwa damu nyumbani kila siku.

Mama mwenyewe anaipenda njia ya pili, kwani hataki kuhama nyumbani kwake. Lakini ndugu wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba tumbo likishatobolewa halina tena mwenyewe. Wengine wanauliza ni nani atakayeifanya kazi ya hospitali mara nne kwa siku. Mwalimu amemalizia barua yake hivi: "Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, maji tunachota kwa ndoo, na umeme hukatika. Je, nyumba kama hii inaweza kuwa hospitali ya mama?"

Tumeona tulijibu swali hili hapa, kwa faida ya wote, maana familia nyingi zitakutana nalo. Jibu lenyewe tutalitoa mwishoni. Kwanza tuone ugonjwa wenyewe, na namna mtu anayetibiwa hivyo anavyoishi tangu asubuhi hadi usiku.

KAZI YA FIGO

Kila mtu amezaliwa na figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia ngumi yake. Zimekaa upande wa mgongoni, chini ya mbavu. Kwa siku moja figo huchuja lita zipatazo 180 za majimaji yatokayo kwenye damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka nje kama mkojo, yakiwa yamebeba uchafu. Aidha, figo husaidia kupima chumvi na maji ya mwili, kurekebisha shinikizo la damu, kutengeneza damu mpya na kuimarisha mifupa.

Figo zinaposhindwa kabisa, uchafu na maji hubaki mwilini. Miguu na uso huvimba, pumzi hupungua, chakula hakipendezi, mtu husikia kichefuchefu, ngozi huwasha, na mwisho fahamu hupotea. Figo zilizochakaa polepole kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu hazirudi tena zikawa nzima. Zikifika mwisho, mgonjwa huhitaji kitu kingine kifanye kazi yake: figo ya kupandikizwa kutoka kwa mtu mwingine, mashine ya kusafisha damu hospitalini, au tumbo lake mwenyewe.

UTANDO TULIOZALIWA NAO

Yeyote aliyewahi kupasua kuku au mbuzi ameuona ule utando mwembamba, laini, unaong'aa, ambao umeyafunika matumbo na kuutandika ukuta wa tumbo kwa ndani. Sisi nasi tunao. Ukiukunjua wote, eneo lake linakaribia eneo la ngozi ya mwili mzima, na umejaa mishipa midogo sana ya damu. Utando huu ndio unaofanywa chujio.

Daktari humfanyia mgonjwa upasuaji mdogo na kumwekea mpira laini, uitwao katheta, ambao ncha yake moja hukaa ndani ya tumbo na nyingine hutokea nje, kando ya kitovu. Kwa kawaida kidonda huachwa kipone kwa majuma mawili hivi kabla mpira haujaanza kutumika. Kupitia mpira huo huingizwa maji maalumu, safi kabisa, yenye sukari na chumvichumvi, ambayo huja yakiwa ndani ya mifuko kama ya dripu. Kwa mtu mzima mara nyingi ni lita mbili kwa mara moja. Maji hayo hayaingii utumboni wala kwenye chakula. Hukaa katika nafasi iliyo katikati ya utando.

Sasa, uchafu hutokaje kwenye damu? Weka majani ya chai ndani ya maji moto, utaona rangi ikitoka kwenye majani na kuhamia kwenye maji. Ndivyo uchafu unavyohama kutoka kwenye damu, ambako ni mwingi, na kuingia kwenye maji yaliyo tumboni, ambako haupo. Tena, nyunyizia sukari vipande vya nanasi uviache kwa muda. Utakuta maji yamevutwa yametoka nje. Ndivyo sukari iliyo katika mfuko inavyoyavuta maji yaliyozidi mwilini. Baada ya saa nne hadi sita, maji yaliyo tumboni yameshajaa uchafu. Humwagwa, na mengine mapya huingizwa.

Wazo hili si geni. Daktari Georg Ganter wa Ujerumani alieleza majaribio yake mwaka 1923. Mwaka 1968 daktari Henry Tenckhoff, aliyefanya kazi Seattle huko Marekani, alitoa maelezo ya katheta laini inayoweza kukaa tumboni kwa miaka. Mwaka 1976 Robert Popovich na Jack Moncrief, huko Austin, Texas, walitoa wazo la kuyaacha maji tumboni mchana kutwa, ili mgonjwa atembee na kufanya kazi zake wakati damu ikisafishwa. Mwanzoni walitumia chupa za kioo, na wagonjwa wengi wakawa wanaambukizwa tumboni. Muda mfupi baadaye Dimitrios Oreopoulos wa Toronto, Kanada, alianza kutumia mifuko ya plastiki badala ya chupa, na njia ikawa rahisi zaidi. Tangu wakati huo imeenea duniani.

SIKU MOJA YA MGONJWA

Tuchukue mfano wa mama anayebadilisha maji kwa mkono mara nne kwa siku, kama wafanyavyo wengi.

Saa kumi na mbili asubuhi anaamka, anajipima uzito na shinikizo la damu, na kuandika katika daftari lake. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku mbili si unono huo. Ni lita mbili za maji zilizobaki mwilini. Vipimo hivi ndivyo vinavyomsaidia kufuata maagizo ya daktari juu ya mfuko wa kutumia, kwani mifuko hutofautiana kwa wingi wa sukari. Wenye sukari nyingi huvuta maji mengi zaidi.

Kisha anatayarisha mahali pake. Anafunga mlango na dirisha ili upepo usipeperushe vumbi, anazima feni kama ipo, na kuwatoa paka, kuku na watoto. Anafuta meza kwa spiriti. Anaukagua mfuko mpya: tarehe ya mwisho, kiasi cha sukari, kama unavuja, na kama maji yake ni meupe kabisa. Mfuko unatakiwa uwe na joto kama la mwili ili tumbo lisiume. Lakini hauchovywi kwenye sufuria ya maji ya moto, kwa sababu maji hayo huweza kuingiza vijidudu kwenye ncha yake. Mgonjwa hufuata namna ya kuupasha aliyofundishwa hospitalini.

Sasa anavaa barakoa, na kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha anajikausha kwa taulo safi. Hapa ndipo swali la ndoo linapojibiwa. Maji yanayotiririka si lazima yatoke kwenye bomba la ukutani. Ndoo yenye koki chini inatosha, au mtu mwingine anaweza kukumiminia kwa jagi. Lisilokubalika ni kutumbukiza mikono ndani ya beseni, maana hapo unanawa na uchafu ule ule uliouosha. Maji yenyewe yawe safi, na daktari au muuguzi aseme kama yanahitaji kuchemshwa kwanza.

Kisha anaunganisha mpira wake na mifuko. Mfuko mtupu umewekwa chini sakafuni, na mfuko uliojaa umetundikwa juu, kwenye stendi au hata kwenye msumari imara ukutani. Maji ya usiku hutoka kwa kushuka yenyewe, kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Halafu maji mapya hushuka kutoka juu na kuingia tumboni kwa dakika kama 10. Anafunga kwa kifuniko kipya, na kazi imekwisha. Hakuna sindano, hakuna damu inayotoka, na hakuna umeme. Kazi yote huchukua dakika 30 hadi 40.

Kabla ya kumwaga maji yaliyotoka, lipo jambo moja ambalo kamwe hasahau. Anauweka mfuko uliotoka juu ya karatasi iliyochapwa, kama ukurasa huu unaousoma sasa, na kujaribu kusoma maandishi kupitia maji hayo. Yakisomeka vizuri, na maji yana rangi ya manjano hafifu, mambo ni salama. Anaupima mfuko uzito, anaandika, kisha anayamwaga maji chooni na kuutupa mfuko kama alivyoelekezwa.

Atarudia hivyo mchana, jioni, na kabla ya kulala. Katikati ya hapo yuko huru kupika, kufundisha, kuuza duka, kusali, au kukaa na wajukuu, huku utando ukiendelea na kazi kimya kimya.

Iko pia mashine ndogo ya nyumbani inayobadilisha maji usiku mgonjwa akiwa amelala, kwa saa 8 hadi 10. Inawafaa sana wanafunzi na wafanyakazi. Hata hivyo inahitaji umeme wa kuaminika, kwa hiyo mahali umeme unapokatika mara kwa mara, njia ya mkono ndiyo ya kutegemewa.

ADUI MKUBWA: MAJI YENYE UKUNGU

Mpira huo ni mlango. Apitapo dawa, kijidudu naye anaweza kupita. Ncha ikiguswa na kidole kwa sekunde moja tu, vijidudu vya ngozi vinaweza kuingia na kuuambukiza utando. Ugonjwa huo huitwa peritonitisi, na ndio unaowaondoa wagonjwa wengi katika matibabu haya, na wakati mwingine duniani.

Dalili zake ni hizi: maji yanayotoka yana ukungu, kama maji yaliyotiwa tone la maziwa, hata usiweze kusoma maandishi yaliyo chini ya mfuko. Tumbo huuma, homa hupanda, na pengine mgonjwa hutapika. Dalili hizi si lazima zije zote pamoja. Ukungu peke yake unatosha.

Ukiuona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu, wala usingoje maumivu. Chukua na ule mfuko wenye ukungu, kwa sababu maabara wataupima ili kujua ni kijidudu gani na kinauawa na dawa ipi. Usianze kumeza vidonge vilivyobaki kabatini, kwani huweza kumficha mdudu huyo asionekane katika kipimo. Mara nyingi dawa huwekwa ndani ya mifuko yenyewe, nayo hufika moja kwa moja kwenye utando. Ukiwahi, wagonjwa wengi hupona baada ya majuma mawili au matatu na kuendelea kama kawaida. Ukichelewa, mpira huenda ukatolewa, na maisha kuwa hatarini.

Wapo wanaouona ukungu wakanyamaza, au wakagusa ncha kwa bahati mbaya wakafunga haraka bila kusema. Wanaogopa kugombezwa. Wanaogopa nauli. Wanaona wameshawachosha watu wa nyumbani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ncha ikiguswa au ikianguka, funga kibano, usiruhusu maji yaingie, na umpigie simu muuguzi wako mara moja. Nanyi ndugu mlio nyumbani, mgonjwa akisema "nimekosea", msimkaripie. Mshukuruni. Neno hilo moja linaweza kuokoa uhai wake.

Wataalamu wa figo duniani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, walipendekeza kwamba kituo kizuri kisizidishe wastani wa maambukizo 0.4 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani si zaidi ya mara moja katika miaka miwili na nusu. Basi maambukizo si jambo la lazima. Mtu akifundishwa vizuri na kushika alichofundishwa, anaweza kukaa miaka bila kuyapata.

Pale mpira unapotokea nje panahitaji matunzo yake. Paoshwe na kukaushwa kila siku, papakwe dawa aliyoagiza daktari, na mpira ubandikwe kwa plasta usivutwevutwe. Pakiwa pekundu, pakiuma au pakitoa usaha, hilo nalo ni la hospitali. Kuoga kwa kujimwagia maji kunafaa baada ya kidonda kupona, lakini kujitumbukiza mtoni, ziwani au kwenye beseni kubwa hapana. Akina mama wasifunge kanga kwa kukaza juu ya mpira. Na kamwe mkasi wala wembe usitumike karibu nao.

CHAKULA

Pamoja na uchafu, maji yanayotoka tumboni huondoka na protini ya mwili, gramu 5 hadi 15 kwa siku. Hiyo ni kama protini ya yai moja hadi mawili na nusu. Kwa hiyo mgonjwa huyu hapaswi kunyimwa mboga ya maana kwa hoja kwamba "figo hazitaki nyama". Ushauri wa namna hiyo hutolewa kwa baadhi ya watu ambao bado hawajaanza kusafishwa damu. Anayesafishwa huhitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mayai, samaki, kuku, nyama kidogo, na maharage kwa kiasi alichoruhusiwa, vyote vina nafasi yao.

Upande wa ndizi, viazi, parachichi na machungwa, ambavyo vina potasiamu nyingi, mgonjwa wa njia ya tumbo mara nyingi ana uhuru zaidi kuliko yule wa mashine, kwa sababu husafishwa kila siku. Wengine hata hupungukiwa na potasiamu. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema, wala si jirani. Fosforasi ndiyo inayosumbua zaidi, kwani huwasha ngozi na kudhoofisha mifupa. Iko kwa wingi katika dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, karanga na soda nyeusi.

Chumvi ipunguzwe sana, kwani huleta kiu, kiu huleta maji, na maji huleta uvimbe. Sukari iliyo ndani ya mifuko nayo huingia mwilini kwa sehemu. Hivyo mgonjwa anaweza kunenepa, na mwenye kisukari huenda akabadilishiwa kiasi cha dawa yake. Ale mboga za majani na vyakula vyenye makapi kwa kiasi alichopangiwa ili apate choo kila siku, maana utumbo uliojaa huuziba mpira na maji hukataa kutoka. Mara nyingi anayedhani mpira umeharibika hukutwa amefunga choo tu.

Wakati wa Kwaresima wagonjwa wetu wengi huona vibaya kula wakati wengine wamefunga. Wajue kwamba Kanisa haliwafungi wagonjwa na sheria ya kufunga. Kwake yeye, kula yai lake la asubuhi ni kutunza uhai aliopewa.

DAWA ZA KUOGOPA

Wagonjwa wengi bado wanapata mkojo kidogo. Mkojo huo, hata uwe nusu lita, ni hazina, kwa sababu huondoa maji na uchafu bila gharama. Usiuharibu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa, huweza kuyaua masalia ya figo. Baadhi ya mitishamba nayo huweza kuziharibu figo. Ukiumwa kichwa au mgongo, uliza kwanza kituo chako wakupe dawa gani. Na kila unapotibiwa kwingine, sema mapema: "Mimi nasafishwa damu kwa njia ya tumbo."

Wengi pia huishiwa damu, kwani figo hazitoi tena kichocheo cha kutengeneza damu. Hapo huchomwa sindano za kichocheo hicho na kupewa madini ya chuma.

KAZI, SAFARI NA NYUMBA

Mgonjwa anaweza kufanya kazi, kwenda shule na kusafiri, mradi mifuko yake iwe naye na apate chumba safi cha kubadilishia. Asibebe mizigo mizito. Ndoo ya lita 20 kichwani, gunia la mahindi, au kulima kwa jembe siku nzima huongeza nguvu inayosukuma ndani ya tumbo, ambalo tayari lina lita mbili za maji, na huweza kuleta ngiri. Basi kazi ya kuchota maji itafutiwe mtu mwingine.

Kuna machungu yasiyoonekana kwa mizani. Mwanamke huona tumbo limekua, nguo hazimkai, naye huona aibu mbele ya mume wake kwa sababu ya mpira. Mwanamume huona amekuwa mzigo. Mpira haukatazi tendo la ndoa. Ubandikwe vizuri, na wenzi wazungumze kwa upole. Akina mama wa umri wa kuzaa wamwone daktari kuhusu uzazi, kwa kuwa mimba ni nadra katika hali hii, lakini inaweza kutunga, na ni ya hatari.

Anayehudumia naye huchoka. Mabadilisho manne kwa siku ni zaidi ya 1,400 kwa mwaka, na hayajui sikukuu. Kama ni binti mmoja tu anayejua, siku akiugua nani atafanya? Afadhali watu wawili au zaidi wafundishwe. Majirani na jumuiya ndogondogo wanaweza kuchota maji, kubeba maboksi au kukaa na watoto, hata kama hawataugusa mpira.

GHARAMA NA UKWELI MWINGINE

Tusidanganyane. Mifuko minne kwa siku ni mifuko 120 kwa mwezi, yaani maji ya lita 240, uzito unaozidi kilo 240. Inahitaji mahali pakavu pasipofikiwa na jua wala panya. Inahitaji gari la kuileta, hata wakati wa masika barabara inapoharibika. Mifuko ikikatika juma moja, mgonjwa yuko hatarini. Na anayeruka mfuko mmoja kila siku ili ifike mwisho wa mwezi anaubakiza uchafu mwilini mwake, ingawa daftari litaonyesha ameokoa fedha.

Kwa sababu hiyo, katika Afrika ya Mashariki watu wengi wanaosafishwa damu hutumia mashine za hospitali, na vituo vya njia ya tumbo ni vichache. Kwingine mambo yamekwenda tofauti. Hong Kong, ambako watu wengi huishi katika nyumba ndogo sana, tangu mwaka 1985 hospitali za serikali zimeifanya njia ya tumbo kuwa ya kwanza kupewa wagonjwa, na walio wengi wamekuwa wakiitumia. Mwaka 2008 Thailand iliiingiza katika bima yake ya afya ya wananchi wote, nayo ikawafikia watu wa vijijini walio mbali na mashine. Hata kwetu, hospitali ya KCMC mjini Moshi ilianza mwaka 2009 kuitumia njia hii kuwaokoa wagonjwa, wakiwemo watoto, ambao figo zao zilisimama ghafla na ambao walihitaji msaada kwa siku au majuma machache mpaka figo zizinduke.

Ukweli mwingine ni kwamba utando nao huchakaa. Baada ya miaka kadhaa huenda usichuje vizuri, na mgonjwa akahamia kwenye mashine. Kwa wanaofaa, kupandikizwa figo ndiyo njia iliyo bora. Nchini Tanzania upandikizaji wa kwanza ulifanyika katika hospitali ya Muhimbili mwezi Novemba mwaka 2017.

JIBU KWA MWALIMU

Ndugu mwalimu, umetuuliza kama nyumba yenu inaweza kuwa hospitali ya mama. Umeme unaokatika si kizuizi, kwani njia ya mkono haiuhitaji, isipokuwa taa nzuri ya kuonea usiku. Maji ya ndoo si kizuizi, mradi yawe safi na yatiririke mikononi. Vyumba vitatu vinatosha. Pembe moja safi, yenye meza, kiti, msumari na mlango unaofungika, ndiyo wodi.

Yanayoweza kuwa kizuizi ni mengine, na inafaa mkae na ndugu zako muyajibu kabla mama hajawekewa mpira. Je, daktari ameridhika kwamba tumbo lake linafaa, hasa kama aliwahi kupasuliwa? Mifuko itatoka wapi kila mwezi, na nani atailipia mwaka huu na mwaka ujao? Nani wawili watakaokwenda na mama kufundishwa kwa juma moja au mawili? Nani ataitwa kwa simu usiku, na kituo kiko umbali gani maji yakiwa na ukungu? Na kubwa kuliko yote, mama mwenyewe anataka nini? Mkikosa jibu la swali la mifuko, msianze kwa kubahatisha. Mwulizeni daktari kuhusu mashine, hata kama ni mbali.

Lakini majibu yakipatikana, wasikutisheni wanaosema tumbo likitobolewa halina tena mwenyewe. Lina mwenyewe kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa yeye na watu wa nyumbani kwake ndio wauguzi.

Nawe pia, mwalimu, usijisahau. Mtoto wa mzazi mwenye kisukari na figo mbovu yuko katika hatari kuliko wengine. Nenda ukapime shinikizo la damu, sukari, mkojo kuona kama una protini, na damu kuona kreatinini. Figo huchoka kimya kimya, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama akianza matibabu, lichukueni gazeti hili mliweke kwenye ile pembe ya nyumba. Kila asubuhi uwekeni mfuko uliotoka juu ya ukurasa huu. Maneno haya yakisomeka, endeleeni na siku yenu. Yasiposomeka, msingoje kesho: mchukueni mama, na mfuko wake, mwende.